Mota ya kijitoni imegoma: pa kuanzia kabla hujaifungua

Simu huwa ni ile ile: "Fundi, mota imekufa." Na swali langu huwa ni lile lile: imekufa au imelala?

Kusuka mota, yaani kufunga upya koili za waya za ndani, ndiyo kazi yangu hapa Pemba, na nyingi ninazopokea ni za pampu za visima. Lakini zipo hizi nyengine zinazoletwa kutoka mabondeni: mota ya kawaida ya fezi tatu, imefungwa kwenye gurudumu la maji au kwenye pampu inayozungushwa kinyumenyume kwa nguvu ya maji ya kijito, ili ijaze betri za taa, simu na redio. Mwenyewe huileta imefungwa kwenye gunia, ana hakika imeungua. Nikiipima naikuta nzima. Kumbe kosa lilibaki kule kule bondeni, kwenye maji, kwenye kapasita au kwenye betri, na yeye amebeba kitu pekee ambacho hakikuwa na kosa.

Kwa hiyo nimepanga mambo kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi imetangulia. Fuata hivyo hivyo. Kufungua mota ni jambo la mwisho.

Uijue tabia yake kwanza

Mota ya aina hii haina sumaku ya kudumu wala brashi. Inatoa umeme kwa mambo matatu yakikutana: kasi ya kutosha, kapasita za kuipa nguvu ya kujisumakisha, na kisumaku kidogo kilichobaki kwenye chuma cha rota (sehemu ya ndani inayozunguka) tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho. Kimoja kikikosekana, itazunguka kutwa nzima bila kutoa kitu.

Kasi ipo kwenye kibati cha mota. Kikisema 1440, hiyo ni kasi yake inapovutwa na umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Ikiwa jenereta lazima iipite 1500, na kwa kukadiria unaongeza juu ya 1500 kile kile kilichopungua chini yake. Kwa hiyo 1440 inakuwa 1560. Mota ya 950 mpaka wake ni 1000 badala ya 1500, kwa hiyo inakuwa 1050, na hii ya pili naipenda zaidi kwa vijito vyetu, kwani maji yetu ni ya polepole na puli haihitaji kuzidishwa sana.

Kapasita ziwe zile za kukaa kwenye umeme muda wote, zenye maandishi ya volti 400 au 450 za umeme wa AC. Zile za kuwashia mota, nyeusi za plastiki, zimeumbwa kufanya kazi sekunde chache tu. Ukizifunga hapa zitavimba na kupasuka. Kwa mota ya kilowati 0.55 yenye kibati cha volti 230/400, iliyofungwa delta (koili tatu kwa umbo la pembetatu) na kutoa umeme wa fezi moja, huwa naanza na kapasita ya mikrofaradi 15 hivi upande wa mzigo, yaani unakotoka umeme wa kutumia, na ya 30 upande wa pili, upande wa tatu hauna kitu. Hapo ni pa kuanzia tu. Mengine yanarekebishwa kwa kupima.

Na usianze na mota ya fezi moja iliyotolewa kwenye pampu ya nyumbani. Inawezekana, lakini utajipa kazi ambayo hukuombwa.

Onyo kabla ya kushika chochote

Umesimama kwenye tope, miguu imerowa, na mbele yako kuna volti 230 au zaidi. Hakuna fyuzi ya mita ya nyumbani itakayokuokoa huku. Funga maji, subiri gurudumu lisimame kabisa, ndipo ushike waya. Kapasita hubaki na umeme hata mashine ikiwa imesimama: zimalize kwa kuziunganisha na balbu ya kizamani ya volti 230 yenye waya zilizofunikwa, kisha pima kwa mita uone sifuri. Bodi ya mota, yaani chuma chake cha nje, iwe na waya wa ardhi uendao kwenye fimbo iliyopigwa ardhini.

Na usiunganishe mtambo huu na waya wa nyumba yenye umeme wa shirika, hata kwa majaribio, hata kwa dakika moja. Umeme utarudi kwenye nguzo na kumkuta mtu anayeamini laini imezimwa.

"Inazunguka vizuri, lakini haitoi hata volti"

Hii ndiyo malalamiko makubwa, na hiyo "vizuri" ndiyo inayonitia shaka.

*Kasi haitoshi.* Jicho haliwezi kutofautisha mizunguko 1200 na 1560. Kwenye 1200 mota hiyo hiyo yenye kapasita hizo hizo yaweza kukaa kimya kabisa, maana kapasita inayohitajika huongezeka haraka kasi ikishuka: kasi ikipungua kwa robo, kapasita inayotakiwa inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Kama huna kipima mizunguko, tia alama ya rangi kwenye puli kubwa, irikodi kwa simu kwa mwendo wa pole, kisha hesabu. Puli ya gurudumu ikiwa na kipenyo cha sentimita 30 na ya mota sentimita 6, mota inazunguka mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Unahitaji gurudumu lizunguke 312 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara tano kwa sekunde.

Kasi ikiwa ndogo, nenda juu kwenye chujio la kuingilia maji. Majani ya mikarafuu na ya miembe ndiyo adui namba moja. Usiku mmoja wa upepo unatosha kulifunika chujio lote, na maji yanapita pembeni kama hayakujui. Baada ya hapo angalia mkanda: ukiunusa na una harufu ya mpira uliokwaruzika, unateleza. Mara nyingi ni unyevu, au mota imesogea kwenye boliti zake. Baadaye angalia kama kuna hewa kwenye bomba: mdomo wa juu ukiwa haujazama vya kutosha, hewa inaingia na bomba linakoroma.

*Imewashwa ikiwa na mzigo.* Mota hii haipendi kuamshwa ikiwa imebebeshwa. Zima swichi ya mzigo, iache ijijenge mpaka volti zitulie, ndipo uwashe. Kama kuna transfoma tu na rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa wa kujaza betri) inayokwenda kwenye betri, mara nyingi huamka yenyewe kwa sababu rektifaya haipitishi kitu mpaka volti zipande kuizidi betri. Lakini ukiwa na hita au balbu zilizoachwa wazi, haiamki.

*Imelala.* Hii ndiyo ninayouliza kwenye simu. Kisumaku cha kwenye rota kimepotea. Hutokea mashine ikizimika ghafla huku imeelemewa na mzigo, au ikikaa bila kazi kiangazi kizima. Dawa yake haichukui dakika kumi. Simamisha mashine. Toa mzigo na kapasita. Chukua betri ya volti 12, weka fyuzi kwenye waya wake, gusisha kwenye waya mbili za mota kwa sekunde moja au mbili, kisha achia. Utaona cheche unapoachia, na waya utakupa mshtuko kama umeshika pasipofunikwa, kwa hiyo shika kwenye plastiki. Kuachia kufanyike upande wa mota, usiachie kwenye vichwa vya betri: betri iliyotoka kujazwa ina gesi inayoshika moto. Rudisha kapasita, zungusha bila mzigo. Mara nyingi inaamka pale pale.

Mzee mmoja wa bondeni alinipa karafuu kavu za kikombe kizima kwa kazi hii ya dakika mbili. Nikamwambia ningeweza kumfundisha kwa simu. Akasema, "Ungenifundisha, nisingekuona."

*Kapasita.* Angalia kwa macho kwanza: imevimba, imetoa mafuta, waya umekatika au pini imeota kutu ya kijani. Hewa yetu ina chumvi hata bondeni. Kisha ipime kwa mita yenye kipimo cha kapasita, ikiwa imeshamalizwa umeme. Iliyopungua zaidi ya asilimia kumi ya maandishi yake ibadilishe.

*Waya wa ndani umekatika.* Toa viunganisho vyote, pima omu za kila koili kwenye boksi la mota. Zote tatu ziwe karibu sawa. Moja ikiwa mita haioni njia kabisa au iko chini sana kuliko wenzake, sasa ndiyo uilete. Ukiwa na kile kipima cha volti 500 ambacho mafundi wanakiita mega, pima baina ya koili na bodi: chini ya megaomu moja usiizungushe tena. Huenda imekula unyevu tu, na kukaushwa taratibu kunatosha, lakini hilo aliamue fundi.

"Umeme unakuja, nikiunganisha betri unapotea"

Watu wanadhani hii ni ubovu. Mara nyingi ni tabia. Mota hii ikielemewa, volti zinaporomoka na inajizima, na kwa sababu hiyo haiungui kirahisi. Swali ni nani anayeielemea.

Wa kwanza ni maji yasiyotosha. Mzigo ukiingia, gurudumu linapungua kasi, hezi zinashuka, kapasita zinatoa kidogo, na mota inaanguka. Angalia kasi wakati wa kuunganisha mzigo, siyo kabla yake. Kama inaporomoka mara moja, fungua maji zaidi au punguza mzigo. Hakuna njia ya tatu.

Wa pili, na huyu nimemkuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia, ni transfoma isiyolingana na betri. Mtu ana betri ya volti 12 lakini amepata transfoma ya 230 kwenda 24, akasema kubwa si mbaya. Ni mbaya. Betri haikubali kupandishwa volti kirahisi. Inaishika transfoma upande wa chini, na transfoma inaivuta mota upande wa juu mpaka takriban nusu ya volti zake. Kwenye nusu mota haina sumaku ya kujishikilia. Betri ya 12 ipe transfoma ya 12, betri ya 24 ipe ya 24.

Wa tatu ni inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa 230. Inveta yenye mzigo wa jokofu, ikikaa kwenye betri iliyokwisha kabisa, inavuta ampea nyingi sana kwa ghafla. Ziache betri zijazwe kwanza inveta ikiwa imezimwa.

Wa mwisho ni kapasita ndogo. Volti zinakuwa nzuri bila mzigo na dhaifu ukiunganisha. Ongeza kidogo kidogo, mikrofaradi mbili au tatu kwa kila hatua, na upime ampea za koili kila mara. Ukishaanza kuona mota inapata moto bila mzigo, umezidisha.

"Volti zimepanda zikapasua kila kitu"

Hapa nitakaa zaidi, maana huku ndiko fedha zinakopotea na ndiko mtu anakoweza kuumia.

Maji hayajui kwamba betri imejaa. Ukiondoa mzigo, gurudumu halina wa kulizuia, linakimbia mpaka mara moja na nusu au hata mara mbili ya kasi yake. Hezi zinapanda, na umeme wa kapasita unapanda pamoja na hezi na pamoja na volti. Kapasita zaidi, sumaku zaidi, volti zaidi. Nimewahi kukuta dayodi zote nne za rektifaya zimeungua, kapasita moja imechanika mfuniko wake, na taa za LED tatu zimekuwa nyeusi, kwa sababu ya kichwa cha betri kilicholegea.

Lakini sababu ya kawaida kuliko zote visiwani kwetu ni kontrola ya sola. Zimejaa madukani, bei nafuu, na mtu anasema: sola inajaza betri, na hii inajaza betri, nitumie hiyo hiyo. Kontrola nyingi za sola zikiona betri imejaa zinakata njia. Paneli ikikatiwa njia haina tatizo, inakaa juani tu. Gurudumu la maji likikatiwa njia linapata wazimu. Kwa hiyo usiweke baina ya rektifaya na betri kitu chochote kinachokata.

Kinachotakiwa ni kontrola ya kuelekeza: betri ikifika kiwango, umeme unaelekezwa kwenye hita. Hita iwe na wati zisizopungua zile mashine inazoweza kutoa, na iwekwe kwenye maji, ndoo au pipa, si hewani kwenye kibanda cha makuti. Maji ya moto ya bure kwa familia yatakupatia heshima kubwa kuliko zile taa.

Sababu nyengine, kwa mpangilio: fyuzi ya betri imeungua, kichwa cha betri kina kutu nyeupe au kimelegea, hita ya ziada imekatika waya wa ndani na hakuna aliyejua, kapasita ni nyingi kupita kiasi. Pima hita kwa omu kila mwezi. Hita iliyokufa haipigi kelele.

Kinga ninayoiamini ni breka ndogo (swichi inayokata yenyewe ampea zikizidi) iliyowekwa kwenye waya za kapasita, siyo kwenye waya za mzigo. Mashine ikikimbia, ampea za kapasita zinapanda, breka inakata, kapasita zinatoka, na mota inapoteza sumaku. Gurudumu litaendelea kuzunguka kwa kasi lakini bila umeme. Breka iwe ya nguzo mbili zinazokata pamoja. Ikikata kapasita moja tu umebadilisha tatizo, hujalitatua. Ukubwa wake upange kwa kupima ampea za kapasita wakati wa kazi ya kawaida, kisha chagua inayofuata juu yake.

Na ukikuta volti zinapanda mbele ya macho yako, usikimbilie waya. Kimbilia koki ya maji.

Kuzima kwa kawaida nako kuna adabu yake: punguza maji mpaka nusu, zima mzigo, kisha funga maji yote. Ukizima mzigo maji yakiwa wazi, inakimbia. Ukifunga maji mzigo ukiwa umewaka, inalala.

"Mota inachemka"

Joto lenyewe si ugonjwa. Mota yenye afya huenda usiweze kuishika kwa kiganja muda mrefu. Tone la maji likianguka juu ya bodi na kuchemka papo hapo, simamisha.

Kama umefunga kapasita moja na nyengine mara mbili yake, kama nilivyoeleza juu, basi mwelekeo wa kuzunguka una maana. Mota ikizunguka upande usiolingana na kapasita kubwa ilipo, koili moja inabeba mzigo wa wenzake. Inatoa umeme, taa zinawaka, kila mtu ana furaha, na ndani koili moja inaiva. Pima ampea za kila koili kwa mita ya kubana, ile inayoushika waya kwa nje bila kuukata, mzigo ukiwa umewaka. Zikitofautiana sana, simamisha, maliza umeme wa kapasita, hamisha ile kapasita kubwa kwenye upande ulio mtupu, jaribu tena. Wengi wamegeuza mkanda au wamehamisha pampu na kusahau kwamba mwelekeo umebadilika.

Mengine ni ya kawaida: kumbikumbi au tope la nyigu limeziba mfuniko wa feni, mashine imefunikwa nailoni "isirowe", unaivuta zaidi ya uwezo wake. Kwa fezi moja kutoka kwenye mota ya fezi tatu usipite asilimia 80 ya kilowati za kibati. Ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua, mchezo umekwisha: funga maji, ilete. Kuendelea kuizungusha kutageuza kazi ya koili moja kuwa kazi ya kusuka mota nzima.

"Betri haijai hata nikiacha wiki nzima"

Kabla ya kulaumu kifaa, piga hesabu ya maji. Chukua ndoo ya lita 20, uone inajaa kwa sekunde ngapi, au kwa kijito kikubwa zaidi gawa maji kwenye mabomba na pima moja moja. Lita kwa sekunde, zidisha kwa mita za kushuka, zidisha kwa 9.81: hizo ni wati za maji yenyewe. Lita 15 kwa mita 5 ni wati 735. Gurudumu zuri la kienyeji litakupa labda wati 400 kwenye mhimili, mota ndogo ikupe 250, na baada ya transfoma na rektifaya zifike 210 hivi kwenye betri. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 15, usiku na mchana, karibu kilowati-saa 5 kwa siku. Si haba hata kidogo. Sola ya kukupa hivyo ni paneli kadhaa.

Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa maji ya Februari. Lita 15 zikiwa 4, mota ya kilowati 1.1 itakula zote kujizungusha na kujisumakisha, isibaki kitu. Ndiyo maana nasema mota kubwa si fahari. Kijito kidogo kipe mota ndogo.

Hesabu ikikubali na betri bado haijai, angalia waya. Nilikuta mtu ameweka transfoma na rektifaya kijitoni, kisha akavuta volti 12 kwa mita 50 hadi nyumbani kwa waya wa milimita 2.5. Kwa ampea 15 waya ule kwenda na kurudi unakula zaidi ya volti 10. Unafika nyumbani na jina tu. Peleka umeme wa 230 mpaka nyumbani, ampea moja hivi, na transfoma ikae karibu na betri. Waya uwe wa kufaa nje na usilale kwenye majani pale watoto wanapopita. Kama huna uzoefu wa kuvuta laini ya 230 shambani, hii ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Kisha rektifaya. Dayodi moja ikikatika, unapoteza nusu ya umeme na transfoma inaanza kuguna na kupata moto. Mita kwenye alama ya dayodi: upande mmoja isome baina ya 0.5 na 0.7, upande wa pili isisome. Ikisoma sifuri pande zote imefunga. Badilisha rektifaya nzima, na uifunge kwenye bati nene la alumini ipoe.

Mwisho betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa saa kadhaa isome 12.6 au zaidi. Ikijazwa ikafika 14.4 haraka, kisha ikapumzika na kushuka 11 usiku mmoja bila mzigo, imezeeka. Betri iliyotolewa gari la abiria ilipokwisha kazi huko haiji kupona kwenye kijito.

"Betri inachemka, maji yake yanakwisha"

Kontrola ya kuelekeza imepangwa kwenye volti za juu sana, au haipo. Kwa joto letu, betri ikishajaa isikae juu ya 13.6 au 13.8 muda mrefu. Jaza maji yaliyotoneshwa, si ya kisima. Chumba kiwe na tundu la hewa juu, na asiyezima sigara asiingie. Betri moja kati ya kadhaa ikiwa ya moto kuliko wenzake, itoe kwenye mfumo leo hii.

"Inalia"

Mlio wa kusaga unaopanda na kasi ni beringi. Toa mkanda, zungusha mhimili kwa mkono: ukisikia changarawe, badilisha zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Mara nyingi kosa ni mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, uingie kidogo.

Mlio wa changarawe ndani ya pampu lakini beringi ni nzima ni hewa inayoingia pamoja na maji. Ngurumo ya chini, kama nyuki kwenye mzinga, inayokuja mzigo ukiongezeka, ni transfoma inayopewa hezi chache. Pima hezi: zikiwa chini ya 45, ongeza kasi au punguza mzigo, kabla transfoma haijanuka. Boliti za msingi zikaze kila baada ya mvua kubwa, kwani udongo wetu mwekundu ukirowa unaachia, mota inapinda kidogo, na ukirudi asubuhi mkanda uko majini chini ya daraja.

Kabla hujaugeuza mkondo kwa ajili ya haya yote, zungumza na sheha na wenye mpunga wa chini. Maji yanayorudi mtoni mita hamsini chini hayampunguzii kitu anayelima chini yake, lakini yeye hajui hivyo mpaka umwambie, na nimeitwa kutafuta hitilafu kwenye mtambo ambao kosa lake pekee lilikuwa jembe la jirani kwenye mfereji.